Njoo na Ndala Zako

Anayetaka kuona watu wa Dar es Salaam wakifanya mazoezi hana haja ya kulipa kiingilio. Asimame barabarani Temeke, Tandika au Mbagala alfajiri ya Jumamosi au Jumapili, kabla jua halijapanda. Atasikia filimbi kwanza, kisha nyimbo, kisha kishindo cha miguu. Klabu ya jogging inapita: vijana wa bodaboda, mama lishe, fundi cherehani, mwalimu, mzee mwenye kitambi chake cha halali, na watoto wawili watatu waliodandia msafara bila kuaga nyumbani. Wengine wana raba, wengine wana ndala, mmoja amevaa soksi tupu na hakuna anayeshangaa. Kiongozi anaanzisha wimbo, kundi linaitikia, nusu ya barabara imezibwa, na daladala zinapiga honi, nyingine kwa hasira, nyingine kwa kushangilia.

Mambo haya hayakuanza juzi. Kila aliyesoma shule ya msingi nchini anaukumbuka mchakamchaka. Wa darasa la pili na wa darasa la saba walikimbia mstari mmoja, wenye viatu na walio peku, na wimbo ndio uliopanga mwendo. Ukiona huwezi kuitikia, ujue umekwenda kasi mno. Wataalamu wa mazoezi wana kipimo kinachokaribiana sana na hicho: mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuzungumza ukiwa ndani yake, japo kuimba kunaanza kuwa kazi. Hakihitaji saa wala mashine.

Sisi tunasema huu ni utajiri, na wapo watu wanaouharibu kwa nia njema.

Uharibifu wenyewe huanza kidogokidogo. Kundi linaanzishwa na majirani wachache waliochoka kusumbuliwa na presha. Baada ya miezi michache kuna fulana, na fulana ina bei. Baadaye kuna ada, kuna uongozi, kuna picha ya pamoja ambayo asiye na fulana anaombwa asogee pembeni kidogo. Kisha anakuja bwana mmoja mwenye saa inayopima kila hatua, anaanza kutuma kwenye kundi la WhatsApp dakika alizotumia kwa kila kilomita, na yule jirani anayekimbia mpaka nguzo ya tatu na kutembea mpaka ya nne anaanza kujiona mzigo. Wiki inayofuata anasema ana mgeni. Inayofuata ana msiba. Baada ya hapo hasemi kitu, na hakuna anayemuuliza.

Hatuna ugomvi na fulana. Inapendeza, inamsaidia dereva kuwaona wakimbiaji, na ada inanunua maji na dawa ya kuchua. Tunagomba pale vitu hivyo vinapogeuka kuwa kizuizi mlangoni. Mtu anayetaka kuanza mazoezi anaambiwa, kwa maneno au kwa macho, akanunue kwanza. Raba kwanza. Traksuti kwanza. Wengine huambiwa wapunguze kwanza mwili ndipo waje, ushauri wa ajabu kuliko yote, na unatolewa na watu wazima wenye akili zao timamu.

Hoja ya viatu inastahili kujibiwa kwa heshima, maana si ya kipuuzi. Septemba 10, 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu. Alivyopewa havikumkaa vizuri, na peku alikuwa ameshazoea mazoezini. Alishinda kwa saa 2:15:16, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia hadi siku ile. Kisa hicho kimesimuliwa sana, mara nyingi kwa lengo la kuonyesha kwamba kiatu si kitu. Wasimuliaji husahau kwamba Bikila huyohuyo alikwenda Tokyo mwaka 1964, akavaa viatu, na akashinda tena kwa 2:12:12. Hakuwa na itikadi yoyote kuhusu miguu. Alitumia kilichomfaa siku ile.

Na huko juu, leo, kiatu ni kitu kweli. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 mjini Vienna Oktoba 2019 kwa 1:59:40, viatu vyake vilizungumzwa karibu sawa na miguu yake, na Januari 2020 shirikisho la riadha la dunia likaweka kikomo: soli ya kiatu cha mbio za barabarani isizidi unene wa milimita 40. Septemba 2025 Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, pale Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Mtu ambaye riziki yake inategemea sehemu tatu za mia za sekunde ana haki ya kudai kiatu bora kuliko vyote duniani. Ni zana yake ya kazi.

Wewe unayetoka Sinza kwenda Mwenge na kurudi kupitia kwa muuza maandazi, hakuna Mjerumani nyuma yako.

Kampuni ya Nike ilipotoa kiatu chake cha Vaporfly mwaka 2017 bei ilikuwa dola 250 za Marekani. Kwa shilingi zetu hiyo inapita Sh500,000, ambayo ndiyo kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilichoanza kulipwa Julai 2025. Kiatu hicho kilitengenezwa kwa mtu anayemaliza kilomita moja kwa takriban dakika tatu. Karani anayeimaliza kwa dakika tisa, huku akisalimiana na watu njiani, hatapata humo faida yoyote anayoweza kuihisi, isipokuwa ile ya kuulizwa amekinunua wapi. Raba za mtumba kutoka Karume, zikifuliwa na kuanikwa vizuri, zinamtosha. Zikikosekana, atembee kwa alichonacho. Kutembea kwa haraka nako ni mazoezi, na makobazi yanaweza kutembea haraka.

Tuwe wakweli hapa, maana wako watakaosema tunahimiza watu waumie. Vipo vifaa vya kulinda mwili na vipo vifaa vya kulinda hadhi, na tunazungumzia hivi vya pili. Anayekimbia barabarani gizani avae kitu kinachong'aa. Anayeendesha baiskeli kwa kasi kwenye barabara ya malori avae kofia ngumu. Asiyejua kuogelea asipande ngalawa ya mashindano bila boya. Mwenye kisukari asitembee peku hata uani, kwa sababu kidonda kidogo cha mguu kwake kinaweza kuwa safari ya kukatwa mguu. Mwenye presha aliyekaa miaka bila kujishughulisha amwone daktari kwanza. Na kwa watoto wetu, ardhi yenye unyevu na kinyesi ina minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya nyayo, na misumari na vigae vina pepopunda. Kiatu ni kitu chema. Tunachokataa ni kwamba lazima kiwe kiatu fulani.

Wanaolijua jambo hili kuliko sisi sote ni watoto wa mitaani kwetu, wacheza chandimu. Mpira wa chandimu hutengenezwa, haununuliwi. Unatafuta soksi kuukuu, unaijaza matambara au sponji ya godoro lililochakaa, unaikaza kwa kamba au kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, unaigonga chini mara mbili tatu uone inavyodunda. Zamani mifuko ya plastiki ilikuwa ndiyo malighafi kuu. Kenya ikaipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 1, 2019, na kwa mazingira uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa. Hatujui kama kuna waziri yeyote aliyefikiria athari zake kwa sekta ya mipira. Sekta yenyewe haikutetereka: watoto walirudi kwenye soksi na matambara, na mechi zikaendelea.

Goli ni mawe mawili au ndala mbili. Timu moja inabaki na fulana, nyingine inacheza kifua wazi, na suala la jezi limekwisha. Idadi ikiwa haigawanyiki, mdogo kuliko wote anachezea pande zote mbili. Kona tatu ni penalti, kwa kuwa uwanja hauna mahali pa kupigia kona. Mwamuzi hayupo, hivyo kila faulo inajadiliwa mpaka watu wachoke kujadili, na mpira ukiingia kwa yule bibi mkali anayetumwa kuufuata ni aliyeupiga. Wasichana wana rede yao: wawili wanarusha mpira, mmoja aliye katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Gharama yake ni chupa tupu. Anayedhani ule ni mchezo wa kitoto ajaribu dakika kumi, halafu apimwe mapigo ya moyo.

Hatuwatukuzi watoto kupita kiasi. Chandimu nako kuna ubaguzi. Manahodha wawili wanachagua mmoja mmoja, na anayebaki mwisho anapelekwa golini kwa lugha isiyo ya kidiplomasia. Mwenye mpira akikasirika mechi imekwisha. Lakini hata yule wa mwisho anacheza. Hakuna anayerudishwa nyumbani kwa sababu hana njumu, na kesho yake anaitwa tena, kwa sababu bila yeye watu hawatimii. Huo ndio uungwana ambao vikundi vya watu wazima vinausahau.

Sasa tuseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wakubwa. Kila bonanza nchini lina mgeni rasmi, na kila mgeni rasmi ana hotuba, na kila hotuba ina maneno mawili: kuibua vipaji. Uwanja unafunguliwa ili kuibua vipaji. Mipira inatolewa ili kuibua vipaji. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA ya msingi na UMISSETA ya sekondari, yanahesabiwa kwa vipaji yalivyoibua. Hata sisi waandishi tukitaka kuutetea mpira wa makaratasi tunakimbilia mfano wa aliyetoka humo akawa nyota. Mfano mmoja tunaupenda sana, nao ni wa kweli: mwaka 1987 katika mtaa wa Mathare, Nairobi, watoto waliokuwa wakicheza na mpira wa takataka walipata msaada wa Bob Munro, raia wa Canada, ikaanzishwa jumuiya ya michezo ya MYSA, ambamo timu hujipatia pointi za ligi kwa kuzoa taka mitaani. Mwaka 1994 ikazaliwa Mathare United, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa Kenya.

Ni habari njema. Lakini wale maelfu ya watoto wa Mathare ambao hawakufika Mathare United, je, walipoteza muda? Tukiwatetea wachezaji wa mitaani kwa hoja ya ubingwa tu, tumekubali bila kujua kwamba mchezo ni haki ya mwenye kipaji, na asiye nacho aangalie. Na kwa kweli ndivyo ilivyo. Kijana akifika miaka kumi na minne bila kuonwa, anapanda jukwaani. Tumejenga taifa la mashabiki. Wapo wanaume wanaobishana kuhusu Simba na Yanga kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, wanajua majeraha ya kila beki wa ligi ya Uingereza, wanakaa kibanda umiza mpaka usiku, na hawajagusa mpira tangu darasa la saba. Ukimwambia mmojawapo aje acheze, anacheka: "Mimi? Nilikuwa sijui hata wakati ule." Nani alimwambia kwamba kujua ni sharti? Vijiweni watu wanacheza drafti kwa visoda, wanafungwa kila siku na mzee yuleyule, na kesho wanarudi. Kwa nini mguu uwe na masharti kuliko mkono?

Tunasema: anayecheza vibaya ana haki ya kucheza. Aliyepiga mpira ukapaa juu ya paa la msikiti ana haki ya kupiga tena. Veterani mwenye goti bovu anayecheza dakika ishirini na kutoka ana haki ya dakika zake ishirini.

Ajabu ni kwamba Watanzania tunalijua hili vizuri tukitaka. Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, marathoni ilishindwa na Mamo Wolde wa Ethiopia. Nchini mwetu ni wachache wanaomkumbuka Wolde. Tunamkumbuka John Stephen Akhwari, aliyeanguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea, na kuingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Nchi inayomwadhimisha mtu aliyeshika mkia inapata wapi ujasiri wa kumzomea mama anayetembea nyuma ya msafara wa jogging?

Kwa maana wanazomewa. Kizuizi kikubwa kwa wanawake wengi ni kijiwe cha njiani, kuliko hata raba. Mwanamke mnene akikimbia anaitwa bonge, akitembea anaulizwa kama amekata tamaa, akivaa suruali ya mazoezi anajadiliwa, akivaa dera anachekwa. Wakubwa wa michezo nao walichangia. Mpaka Machi 2014 ndipo sheria za soka la dunia ziliporuhusu rasmi wachezaji kuvaa hijabu uwanjani baada ya miaka ya kuizuia, na mpira wa kikapu ulisubiri hadi 2017. Wakati huo wote wanawake wa Zanzibar walikuwa wakicheza nage kwa mavazi yao, bila kumwandikia barua mtu yeyote. Leo Unguja na Pemba utawaona katika vikundi vya mazoezi wakiwa na mitandio na raba, au mitandio na ndala, na kila Januari 1 wanajumuika na wenzao katika tamasha la mazoezi ya viungo la visiwa hivyo. Kanga haijawahi kumzuia mtu kunyoosha mgongo. Watu ndio wanaozuia.

Kuhusu afya tutasema kwa kifupi, kwa kuwa wasomaji wetu wameshahubiriwa vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kujishughulisha kwa kiasi cha wastani kila wiki, na mtoto wastani wa dakika 60 kila siku. Mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa hata lile sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabiwe yakifika dakika kumi mfululizo. Kupanda ngazi kunahesabika. Kubeba ndoo kunahesabika. Hata hivyo takwimu za shirika hilo za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba karibu theluthi moja ya watu wazima duniani, asilimia 31, hawafikii kiwango hicho. Hakuna mahali popote katika mwongozo huo palipotajwa aina ya kiatu.

Nini kifanyike? Kwa vikundi vya mazoezi tuna ombi moja dogo. Uingereza kuna mbio za bure za kilomita tano kila Jumamosi zinazoitwa parkrun, zilizoanzishwa Oktoba 2004 katika bustani ya Bushy Park, London, na wakimbiaji 13. Siku hizi zinafanyika katika nchi nyingi. Hazina zawadi ya fedha, na zina utaratibu ambao tungependa uigwe hapa: mtu mmoja wa kujitolea hupangwa kutembea nyuma kabisa, kwa makusudi, ili asiwepo mgeni anayeshika mkia. Klabu zetu zina kiongozi wa mbele mwenye filimbi, na mara nyingi ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Wekeni na wa nyuma. Mpeni filimbi yake. Akipuliza, wa mbele wapunguze. Na yule bwana mwenye saa aendelee kuipenda saa yake, ila takwimu azitume kwa mkewe.

Kwa shule ombi ni kali zaidi. Kipindi cha michezo ni kipindi kama vingine. Mwanafunzi ambaye wazazi wake hawajanunua traksuti ya shule asisimamishwe kando kutazama wenzake wakicheza, kama inavyofanyika katika shule fulani tunazozijua. Mwalimu hamtoi nje ya somo la Hisabati mtoto asiye na mkebe wa vifaa vya jiometri. Anamwambia aazime kwa mwenzake. Netiboli inahitaji mpira mmoja na pete mbili za nondo. Mpira wa wavu unachezeka kwa kamba iliyofungwa kwenye miembe miwili. Vyote hivyo fundi wa kuchomelea na mlinzi wa shule wanaviweza kwa siku moja.

Kwa serikali tuanze na pongezi. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuelekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Lilikuwa agizo zuri, tena lisilomdai mwananchi kitu. Lakini Jumamosi inahitaji mahali pa kuifanyia. Kiatu tunaweza kukikosa na tukacheza; uwanja tukiukosa hakuna mjadala. Jangwani, Mwembe Yanga, Zakhem, Biafra, Tanganyika Packers: haya ni majina makubwa ya viwanja vya Dar es Salaam, na mtu akiyagusa kuna kelele. Viwanja vinavyopotea kimya ni vile visivyo na jina, kile cha nyuma ya soko, kile cha kando ya zahanati, kile ambacho ramani ya mipango miji inakionyesha wazi ilhali kwa macho unaona fremu za maduka na gereji. Watoto wanahamia barabarani, kisha tunawalaumu kwa kugongwa.

Siku hizi Dar es Salaam na Nairobi kuna viwanja vya nyasi bandia vyenye taa, vinavyokodishwa kwa saa. Ni vizuri, na wanaovimiliki wanafanya biashara halali. Kijana wa ofisini anachangishana na wenzake, wanalipa, wanacheza wakiwa wamevaa jezi za Arsenal, wanakwenda zao. Ila mji ambao uwanja pekee uliobaki ni wa kulipia kwa saa umeshamtoa nje yule wa chandimu, na hakuna bonanza litakalomrudisha.

Viwanja vya shule za msingi vya umma vipo karibu kila kata, na mwisho wa wiki vingi vimefungwa kwa kufuli. Vifunguliwe Jumamosi na Jumapili, mlinzi aongezewe posho kidogo kutoka mapato ya halmashauri, na kamati ya mtaa iwajibike kwa usafi. Hilo halihitaji mfadhili wala mgeni rasmi.

Na kabla ya bajeti ijayo, kila halmashauri ibandike kwenye ofisi za kata orodha ya maeneo ya wazi yaliyotengwa kwa michezo, kata kwa kata, pamoja na ukubwa wake. Kilichovamiwa kiandikwe kimevamiwa. Kilichouzwa kiandikwe kimeuzwa lini, kwa nani, na nani alisaini.